Kabla ya lugha mpya ya programu, jifunze kusimamia mradi

Leo sina habari za simu mpya wala lugha mpya ya programu. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho sisi wanaprogramu hukikimbia kama paka anavyokimbia maji: usimamizi wa miradi.

Niseme ukweli. Chuoni somo hilo lilikuwa Ijumaa jioni na mimi nilikuwa wa kwanza kutoroka. Nilidhani ni la watu wa biashara, wale wa suti na tai. Nikakopa madaftari ya wenzangu, nikapita mtihani, nikasahau yote.

Halafu nikafanya kazi. Mimi na rafiki yangu tuliyesoma pamoja tulipata kandarasi ya kuundia chama kimoja cha akiba na mikopo mfumo wa kompyuta. Tuliahidi miezi mitatu. Tulimaliza mwezi wa nane. Malipo ya mwisho yalikuwa yatolewe "kazi ikiisha", na hakuna aliyekuwa ameandika kuisha ni nini. Pesa zilikwama, tukalaumiana, na leo mimi na rafiki yangu tunasalimiana tu tukikutana mjini.

Programu yetu haikuwa na shida. Inafanya kazi mpaka sasa. Tulichokosa ni misingi ya lile somo la Ijumaa.

Msingi wa kwanza ni mipaka ya kazi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Meneja alikuwa mtu mzuri sana, na kila tulipokwenda alituambia, "Vijana wangu, mkiwa hapo hapo si mniwekee na ujumbe mfupi wa kuwakumbusha wanachama?" Tukasema sawa. Wiki iliyofuata, ripoti za mweka hazina. Sawa. Kisha kulinganisha malipo ya M-Pesa na vitabu. Sawa tena. Hakuna hata moja lililokuwa ombi baya. Kosa lilikuwa letu, maana hatukuwa na karatasi inayosema hiki kimo, hiki hakimo, na kikiongezwa kitaongeza siku ngapi na shilingi ngapi.

Msingi wa pili ni mpangilio wa kazi. Mwaka 1957 kampuni ya DuPont ya Marekani, pamoja na Remington Rand, ilianza kutumia hesabu ya kutafuta mlolongo mrefu kuliko yote wa kazi zinazotegemeana. Mlolongo huo ndio unaoamua mradi utaisha lini. Mwaka 1958 jeshi la majini la Marekani likatoa njia inayofanana nayo, PERT, kwa mradi wa makombora ya Polaris. Sasa iweke hesabu hiyo kwenye mradi wetu. Kuandika programu kulichukua wiki 8. Kuingiza rekodi za zamani kutoka vitabu vya mkono, wiki 9. Majaribio wiki 3, na mafunzo wiki 1. Sisi tulifanya moja baada ya nyingine: wiki 21. Lakini kuingiza rekodi hakukuhitaji programu iishe, kwani karani angeanza siku ya kwanza kwa jedwali la kawaida la Excel. Zingekuwa 9 na 3 na 1, yaani wiki 13. Miezi mitatu ileile tuliyoahidi! Hesabu ya darasa la nne ingetuokoa. Miezi iliyobaki ililiwa na zile "sawa" zetu.

Msingi wa tatu ni watu. Mwezi wa sita tulipoona tumechelewa, tuliajiri wanafunzi wawili watusaidie. Tukachelewa zaidi. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 pale IBM, alilieleza jambo hili katika kitabu chake The Mythical Man-Month cha mwaka 1975: kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wageni hufundishwa na walewale wenye kazi. Tena watu wawili wana njia moja tu ya mawasiliano, lakini wanne wana sita. Kitabu hicho kilikuwa maktaba ya chuo chetu. Sikukigusa.

Najua kuna watakaosema, "Ndugu, hayo ni ya kale, siku hizi tuna Agile." Mimi mwenyewe nafanya kazi kwa mtindo huo. Lakini ilani ya Agile ya mwaka 2001 haikusema mipango haina maana. Ilisema kuitikia mabadiliko kuna thamani kubwa zaidi kuliko kufuata mpango. Huwezi kubadilisha mpango ambao hukuwa nao. Wengi wetu tunatumia neno Agile kufunikia uvivu wa kuandika.

Wala sisemi kila mtu akimbilie vyeti. Cheti ni kizuri kwa anayetafuta kazi katika kampuni kubwa, lakini chama kidogo cha akiba hakitakuuliza cheti. Kitakuuliza lini, na kwa shilingi ngapi. Jibu hilo halimo katika Java wala Python.

Siku hizi sigusi kibodi kabla ya kuwa na ukurasa mmoja uliotiwa sahihi na mteja: kilichomo, kisichomo, nani anafanya nini, kipi kinasubiri kipi, na tutajuaje tumemaliza. Unanichukua siku mbili. Nimepoteza wateja wawili walioona nawasumbua, na sijutii.

Nawe je? Mradi ulio mezani kwako leo, umeandikwa mahali popote utaisha ukiwa umefika wapi?