Sitara Si Kumficha Tabibu



Ndugu zetu, na hasa akina mama wasomaji, miezi michache iliyopita tulikuwa Nairobi. Baada ya Swala ya Ijumaa katika Msikiti wa Jamia, tulipanda matatu ya Kawangware, tukashuka Yaya, tukaenda Kilimani kumzuru dada yetu wa ukoo aliyekuwa mgonjwa.

Tulimkuta amekaa mkekani, pumzi fupi, leso mkononi. Miezi minne kabla ya hapo moyo wake ulikuwa ukienda mbio na kupiga bila mpango, akapelekwa ng'ambo kufanyiwa matibabu yaitwayo ablesheni. Alirudi mapigo yametulia, na nyumba nzima ikamshukuru Mola. Kisha kikaja kikohozi. Akipanda ngazi hutweta. Alitibiwa nimonia mara mbili, akapimwa kifua kikuu asionekane nacho. Siku ile leso yake ilikuwa na damu.

Tulimwuliza bintiye: "Mwanangu, daktari mmemweleza habari ya moyo?"

Akainamisha uso. "La, mjomba. Mama amekataza. Mdogo wangu ameposwa, na watu wakisikia moyo watasema ni maradhi ya ukoo."

Jioni ile ile tulimsihi dada yetu mpaka akaridhia, na asubuhi akapelekwa kwa bingwa wa moyo pamoja na ripoti ya matibabu yake. Bingwa alitufahamisha jambo ambalo twaona ni amana kulifikisha kwenu.

Mwanadamu kwa kawaida ana mishipa minne mikubwa inayorudisha damu kutoka mapafuni hadi chumba cha juu cha moyo, upande wa kushoto. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walibainisha kuwa cheche nyingi zinazouvuruga moyo wa namna hii huanzia ndani ya mishipa hiyo. Ndipo matabibu wakawa wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, wakaunguza au kugandisha nyama iliyozunguka midomo ya mishipa hiyo ili cheche zisipite. Zamani waliunguza ndani ya mshipa wenyewe. Siku hizi huunguza nje ya mdomo wake, na madhara yamepungua sana. Hata hivyo, mara chache kovu hujikunja likaubana mshipa. Damu isipopata njia hurudi nyuma na kulijaza pafu, na hapo huja kikohozi, kutweta, maumivu ya kifua, pengine na damu. Dalili hizi huchelewa wiki au miezi, na picha ya kawaida ya kifua yaweza kufanana na ya nimonia. Daktari asiyeambiwa habari ya moyo atajuaje?

Dada yetu alipigwa picha ya CT kwa dawa ya kuonyesha mishipa. Mmoja ulikuwa umebanwa, ukapanuliwa kwa kipulizo na kuwekewa stenti, naye ataendelea kuchunguzwa kwani mshipa waweza kubana tena. Wa pili ulikwisha kuziba kabisa, na haukufunguka. Laiti siri ile ingefunuliwa mapema, huenda nao ungepatikana. Twalisema hili kwa uchungu, wala hatumlaumu. Alichokihofia ni maneno yetu sisi jamaa na majirani.

Enyi akina mama, sitara ni kuifunika aibu ya mtu, na maradhi si aibu. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kujitibu, na tabibu hatibu asichokijua. Aliyetibiwa moyo kwa njia hii, awe ametibiwa ng'ambo au hapa Nairobi, na aihifadhi ripoti yake kama aihifadhivyo hati ya nyumba. Akikohoa au akitweta miezi ya baadaye, neno lake la kwanza kwa daktari liwe: "Niliunguzwa mishipa ya moyo." Akikohoa damu, asingoje kesho.

Na sisi wenye kuposa na kuposesha, tuache kupekua maradhi ya wakwe zetu kama wapekuao ila za bidhaa sokoni. Ulimi wetu usiwe sababu ya mgonjwa kunyamaza.

Binti yule ameolewa, alhamdulillahi, na mkwewe ndiye aliyempeleka mama hospitali mara ya mwisho.

Wabillahi tawfiq.