Mchujo wa Twiga Stars Huanzia Vijijini

Timu yetu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, imeipa nchi heshima ambayo kila mwananchi ana haki ya kuionea fahari. Ilicheza fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2010, huko Afrika Kusini, kisha ikakosa nafasi hiyo kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 2023 iliitoa Ivory Coast kwa mikwaju ya penalti, baada ya kila upande kushinda 2-0 nyumbani kwake, halafu ikaitoa Togo kwa jumla ya mabao 3-2. Julai 2025, nchini Morocco, ilitoka sare ya 1-1 na mabingwa watetezi, Afrika Kusini. Haikuvuka hatua ya makundi, lakini Oktoba mwaka huo huo iliitoa Ethiopia na kufuzu tena.

Matokeo hayo yanatufundisha jambo moja. Katika mchujo wa nyumbani na ugenini, bao moja tu huivusha timu au huitupa nje. Taifa linalotaka kushinda kwa tofauti ndogo kama hiyo haliwezi kumudu kupoteza vipaji. Sisi tunavipoteza.

Tuchukue mfano wa Shinyanga na Geita. Ni eneo la almasi ya Mwadui, dhahabu ya Bulyanhulu na mgodi mkubwa wa Geita. Ni eneo la soka pia: Mwadui, Stand United na Geita Gold zote zimewahi kucheza Ligi Kuu ya wanaume. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, uliojumuisha Bukombe ambayo sasa imo Geita, wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Umri huo ndio ambao mchezaji hufundishwa, hupevuka na kuonekana na makocha. Binti aliyekwisha kuozwa hayumo tena katika hesabu ya mchujo wowote.

Sheria zipo, ila zina mwanya. Tangu mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Lakini binti aliyemaliza darasa la saba na kubaki nyumbani si mwanafunzi tena. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo mwaka 2019. Hukumu pekee, hata hivyo, haifiki kijijini kwa miguu yake.

Hatuwalaumu wazazi kwa pupa. Mzazi maskini hamwozi binti yake kwa kumchukia. Huwaona ng'ombe wa mahari kuwa ndiyo akiba pekee aliyo nayo. Hatabadilika kwa hotuba. Atabadilika akiona kwamba shule, na mchezo ndani ya shule, vinamfungulia mtoto wake njia.

Njia hiyo inaweza kujengwa. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanazitaka kampuni za madini ziandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Madiwani wa Kahama, Msalala na Geita wadai humo viwanja vya wasichana, mipira, na mafunzo ya ukocha kwa walimu wa kike. Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yasiwe ya wiki chache tu. Yawe kilele cha mazoezi ya mwaka mzima.

Zaidi ya yote, viongozi wa Chama wa matawi na vijiji wawe mfano. Kiongozi anayeshangilia Twiga Stars redioni, kisha akaenda kula ubwabwa wa arusi ya mtoto wa miaka 15, anaihujumu timu hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Mwaliko kama huo haupaswi kukubaliwa. Unapaswa kuripotiwa.