Proksi Zisizotumika: Usimpe Wakala Panga

Nimepotea kidogo, wasomaji wangu. Kazi zimekuwa nyingi hapa Nyeri. Leo nataka tuongee juu ya usafi, yaani usafi wa seva tunazokodi kwenye wingu, na hawa mawakala wa akili mnemba ambao siku hizi kila mtu anawasifu.

Kwanza, proksi ni nini? Ni mtu wa kati wa mtandaoni. Ukimtuma mtu wa boda dukani Karatina, mwenye duka anamwona yeye, hakuoni wewe. Proksi nayo hupokea ombi la kompyuta yako, hulipeleka kwa jina lake, kisha hukurudishia jibu. Kama ulikuwa ukienda saiba miaka ya 2000, huenda uliitumia bila kujua. Kabla ya waya wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti, ghali tena polepole. Katika saiba nyingi kulikuwa na kompyuta moja ya Linux yenye programu iitwayo Squid. Hiyo iliweka kurasa zilizokwisha kufunguliwa ili zisivutwe upya kutoka ng'ambo. Proksi wakati huo iliokoa pesa.

Sasa proksi iliyosahaulika inakula pesa. Tangu Februari 2024, AWS ya Amazon hutoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya umma ya IPv4, itumike isitumike. Unaweza kucheka, lakini piga hesabu: ni dola 43.80 kwa mwaka kwa anwani moja, na hapo hujalipia mashine yenyewe.

Juni 2025 niliitwa na sako moja ya wakulima wa chai upande wa Othaya. Bili ya wingu ilikuwa inapanda na hakuna aliyejua kwa nini. Waliojenga mfumo walikuwa wameshaondoka. Nikamweka wakala wa akili mnemba kazini: asome mipangilio yote, sheria za usalama wa mtandao na rekodi za trafiki za siku 90, kisha aniambie proksi zipi hazitumiki.

Nisiseme uongo, alifanya kazi nzuri. Mchana mmoja alimaliza kazi ambayo ingenichukua wiki nzima. Alipata proksi saba ambazo hazikuwa zimepitisha chochote. Anwani zake peke yake zilikuwa zinakula kama shilingi 39,500 kwa mwaka, ukihesabu dola kwa shilingi 129. Mwishoni akaniuliza: nizifute?

Kidole kilikuwa karibu kabisa kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimempa ruhusa ya kusoma tu, kwa hiyo ilinibidi nichapishe orodha na kumpelekea mhasibu wa sako, mama anayekaribia kustaafu. Akavaa miwani, akapita na kalamu. Sita hakuzijua. Ya tano akaisimamia.

"Kijana wangu, hii ndiyo njia ya bonasi."

"Lakini mama, haijafanya kazi miezi mitatu."

"Bonasi ni Oktoba. Ukiikata, utakuja wewe kusimama hapo mlangoni uwaeleze wakulima."

Mnaotoka sehemu za chai mnajua. Hesabu hufungwa Juni, na malipo ya mwisho, yale tunayoita bonasi, huja karibu Oktoba. Karo, madeni na mabati vinangoja siku hiyo. Benki ilikuwa imekubali kutoa faili la malipo kwa anwani moja tu, ile ya proksi hiyo. Ningeifuta, benki ingelazimika kusajili anwani mpya, barua juu ya barua. Tena kuna hatari ambayo wengi hawaifikirii: anwani ukiiachilia, anaweza kupewa mteja mwingine wa wingu, na benki bado inaiamini.

Je, wakala alikosea? Kwa maoni yangu, hapana. Nilimwuliza kipi hakitumiki, akajibu kwa siku 90 nilizompa. Kosa lilikuwa langu, kwa kumpa miezi mitatu katika biashara yenye msimu wa mwaka mzima. Na wenzangu walioijenga proksi hiyo hawakuandika hata mstari mmoja kusema ni ya nini.

Mwezi mmoja baadaye, Julai 2025, tukasoma habari za Marekani, ambako wakala wa Replit alifuta hifadhidata ya Jason Lemkin ilhali alikuwa ameambiwa asibadilishe kitu. Hapo nikashukuru kwamba wangu hakuwa na ruhusa ya kufuta. Maneno ya kumkataza hayatoshi, mnyime ufunguo.

Kwa hiyo mimi sasa nafanya hivi. Wakala anasoma na kuorodhesha, hafuti. Rekodi azitazame kwa mwaka mzima, na kama hazipo za mwaka mzima, orodha iende kwa mtu anayejua msimu wa kazi. Proksi inayoshukiwa nazima mashine kwanza lakini anwani naishikilia, hata kama nitailipia miezi kadhaa. Na kila inayobaki inaandikiwa sababu yake na jina la ofisi inayoitumia, ili wakala atakayekuja kesho aikute.

Zile sita tulizizima Juni, na hakuna aliyelalamika. Oktoba faili la bonasi likaingia kupitia ile ya tano kama kawaida. Novemba ndipo nikazifuta sita zote na kurudisha anwani zake, na bili ikashuka. Mhasibu yule sasa ananiuliza kama huyo wakala wangu anaweza pia kumsaidia kutafuta wanachama waliokopa wakahama. Nimemwambia tutaona, ila atasoma tu!