Anayevaa meno ya chuma siye anayeyabeba

Kabla ya mechi, timu zikiwa zimepanga mistari kwenye njia ya kuingilia uwanjani, mwamuzi msaidizi huinama. Mchezaji anainua mguu mmoja, kisha wa pili, naye anapitisha kiganja chini ya daluga. Akikuta jino limepasuka na kuacha ncha kali, hakuna mjadala. Rudi ndani, kabadilishe. Sheria namba 4 ya soka haijali jina lililoandikwa mgongoni mwa jezi.

Sasa kuna viatu ambavyo mwamuzi huyo akivishika kwa kiganja kile kile, anaondoka na damu. Ni viatu vya kupanda barafu. Chini yake kunafungwa fremu ya chuma inayoitwa kramponi, mara nyingi yenye meno 10 au 12, mawili ya mbele yamechomoza kama pembe ili mpandaji apige teke ukuta wa barafu na kusimama juu yake. Mwingereza Oscar Eckenstein alibuni kramponi za meno 10 mwaka 1908, na fundi chuma Henry Grivel wa Courmayeur, Italia, akazifua. Mwaka 1929 Laurent Grivel akaongeza yale mawili ya mbele, na mchezo ukabadilika moja kwa moja.

Meno hayo lazima yawe makali. Yakiwa butu, mpandaji anateleza, na kuteleza kule si kama kuteleza kwenye uwanja uliolowa mvua. Ndiyo maana wapandaji huyanoa kwa tupa. Wanaoshindana kwenye Kombe la Dunia la kupanda barafu, lile linaloendeshwa na shirikisho la UIAA, wao wamekwenda mbali zaidi: meno yao yamekazwa kwa skrubu kwenye soli kabisa. Hayavuliwi. Kiatu na jino ni kitu kimoja, chepesi, na hakuna namna ya kukiweka kwenye begi bila kuweka na meno yake.

Mshindani wa Ulaya anatoa begi lake kwenye gari, analitundika begani, anatembea hadi ukutani. Akijichoma, kajichoma mwenyewe.

Kilimanjaro mambo si hivyo.

Mgeni anayetaka kupanda barafu ya Kilimanjaro hafiki na begi mgongoni mwake. Anafika na kimkoba chenye maji, kamera na koti la mvua. Begi kubwa, lenye kramponi ndani, liko kichwani au shingoni kwa mgumu. Wagumu ndivyo wapagazi wa mlima ule wanavyojiita, na jina linawastahili. Kutoka lango la Machame mpaka Lava Tower, mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, ni kazi ya siku tatu hivi, na hapo bado barafu yenyewe haijaguswa. Hesabu basi. Vile vyuma vitakaa siku tatu au nne juu ya mtu mmoja, halafu saa chache miguuni mwa mtu mwingine. Picha itakayosambaa mitandaoni ni ya zile saa chache.

Langoni kuna mizani. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, na kupimwa kule ni jambo jema lililopiganiwa kwa miaka mingi. Lakini mizani inajua uzito tu. Jozi ya kramponi za chuma ina uzito wa kilo moja hivi. Inapita kwenye mizani bila kelele, imelala ndani ya begi la kitambaa, kati ya soksi na koti la manyoya, na meno yake 24 yameelekea popote pale yalipoangukia wakati mwenyewe anafungasha hotelini usiku huku akiwaza kesho.

Hebu fikiria njia yenyewe. Msitu wa Machame mvua ikinyesha ni tope tupu, na mgumu anatembea haraka kuliko mteja kwa sababu lazima afike kambini mapema, hema lisimame. Anateleza, anakaa chini kwa nguvu, begi linamfuata. Au anafika ukuta wa Barranco, pale ambapo wageni hulikumbatia jabali na kupita kwa kunyata, yeye akipita mkono mmoja ukiwa kwenye mwamba na mwingine ukishikilia mzigo kichwani. Kati ya begi na utosi wake kuna ngata ya kitambaa, basi. Jino lililonolewa kwa ajili ya kupasua barafu haliulizi kama hiki ni kitambaa, hii ni ngata, hii ni ngozi. Na hospitali iko mbali, bwana.

Kuzuia jambo hili ni rahisi kiasi cha kuudhi. Kramponi za kuvuliwa zinalazwa soli kwa soli, meno ya moja yakiingia katikati ya meno ya nyingine, zinafungwa kwa mkanda wake ili zisicheze. Juu yake inavaliwa kofia ya mpira inayomeza ncha zote, kisha zinaingia kwenye mfuko wa turubai nzito. Mfuko huo unakaa katikati ya begi, umezungukwa na vitu laini, mbali na upande unaogusa kichwa au mgongo. Kuzining'iniza nje ya begi eti ili zionekane ni ushamba, hata kama aliyefanya hivyo ametoka nchi yenye theluji mlangoni.

Zile za mashindano, za meno yasiyovuliwa, zinataka kitu kigumu zaidi. Mfuko hautoshi. Ndoo tupu ya rangi yenye mfuniko inatosha kabisa, viatu vinaingia humo vikiwa vimefungwa pamoja na kushindiliwa kipande cha sponji la godoro kuukuu. Nani Moshi anakosa ndoo ya rangi? Asiyetaka ndoo, akate dumu la lita tano, achukue kipande cha plastiki, akifunge kuzunguka meno kwa kamba. Ncha moja moja zinaweza kuchomekwa vipande vya mpira wa kumwagilia bustani. Na wale mafundi wanaokata matairi kutengeneza makatambuga, wakipewa kiatu kimoja cha mfano, watashona kifuniko ambacho hakuna jino litakalokitoboa. Biashara hiyo ipo, inasubiri mtu tu.

Kama mteja hajali kichwa cha mgumu, basi na ajali kamba yake. Kramponi zisizofunikwa zikilala begi moja na kamba ya kupandia, zinatafuna nyuzi kimya kimya siku nne nzima. Kamba hiyo hiyo ndiyo atakayoitegemea akiwa ananing'inia ukutani. Cha ajabu ni kwamba hoja hii ya kamba huwaingia watu haraka kuliko ile ya kichwa.

Kuna watakaosema haya ni makelele ya bure kwa sababu barafu yenyewe inakwisha. Ni kweli inakwisha. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo Kilimanjaro mwaka 1912 imeshapotea. Njia aliyopanda Reinhold Messner pamoja na Konrad Renzler mwaka 1978 kwenye ukuta wa Breach leo si ile waliyoikuta wao. Wageni wengi wanaofika Uhuru, mita 5,895, wanapita njia za kawaida kwa viatu vya kawaida na hawajui hata kramponi inashikwaje.

Lakini hoja hiyo inageuka. Kwa kuwa barafu inakwisha, kuna wanaokuja makusudi kuiwahi. Will Gadd wa Canada alikuja kuipanda mwaka 2014, akarudi 2020, na sehemu ya habari ilikuwa kwamba aliyoipanda mara ya kwanza ilikuwa imetoweka. Wa namna hiyo hawajaisha. Na kwa kuwa ni wachache, mgumu anaweza kumaliza misimu mingi bila kukutana na vyuma hivyo, kisha siku moja akavitwika bila kuambiwa. Hatari anayoijua mtu ataikwepa. Hii ya mara moja moja, iliyofichwa ndani ya begi linalofanana na mabegi mengine yote, ataikwepaje?

Wala isidhaniwe kwamba barafu ni mchezo wa wageni na mizigo ni kazi ya wenyeji. Mlima Kenya, mwaka 1973, Mkenya Thumbi Mathenge na Phil Snyder walikuwa watu wa kwanza kupanda korongo la barafu la Diamond. Mathenge alivaa meno, hakuyabeba tu.

Kinachotakiwa langoni ni swali moja. Begi likiwa juu ya mizani, kiongozi wa msafara amuulize mteja mbele ya mgumu: una chuma chenye ncha humu? Kama kipo, kitolewe, kionekane, kifunikwe, kirudishwe, na mgumu aguse begi kwa mkono wake mwenyewe kabla hajalitwika. Dakika mbili. Hifadhi ikiona inafaa, iliweke kwenye utaratibu wa ukaguzi, na kampuni ziliweke kwenye orodha ya vifaa zinazowatumia wateja wiki kadhaa kabla ya safari: asiye na kifuniko aje nacho, au anunue ndoo mjini. Na mgumu awe na haki ya kusema hapana. Mchezaji hawezi kumlazimisha mwamuzi akubali daluga mbovu, kwa nini mpagazi alazimishwe begi linalochoma?

Swali hilo liulizwe tena juu, kabla ya kushuka. Wakati wa kupanda watu wako makini, kila kitu kina mahali pake. Wakati wa kushuka mteja amechoka, vidole vimekufa ganzi, kramponi zimelowa na kofia ya mpira haijulikani ilipo. Anazitupa juu ya nguo, anavuta zipu, anaanza kuwaza kuoga. Mgumu analitwika begi na kushika njia ya Mweka, mteremko mkali, magoti yakitetemeka, na safari hii anakimbia.