Hema la Watu Sita ni la Watu Watatu

Katika mjadala wetu wa darasani mwezi uliopita, mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba kuchagua hema la familia ni jambo jepesi. Hesabu watu wa nyumbani, soma namba iliyoandikwa kwenye boksi, kisha nunua lile refu lenye kuta zilizosimama wima kama za kibanda, ili mtu mzima aweze kuvaa suruali bila kuinama. Darasa lilipiga makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa muda wangu wa kuzungumza ulikuwa umekwisha, leo naomba nimjibu kwa maandishi.

Sisemi haya kwa kusikia. Nilikuwa na miaka saba tulipovuka mpaka kutoka Kongo, mama na sisi watoto wanne, tukapokelewa Nakivale na kulazwa kwenye hema kwa majuma kadhaa kabla ya kuonyeshwa kiwanja chetu. Siku hizi, kila likizo, ninatafuta karo kwa kuwasimamishia wageni mahema kando ya Ziwa Bunyonyi, kusini-magharibi mwa Uganda. Kwa hiyo hema nimelijua kwa shida na nimelijua kwa kazi.

Tuanze na hiyo namba. Hema la kibanda linalouzwa kuwa la watu 6 mara nyingi lina sakafu ya mita 3 kwa mita 2.7. Zidisha: ni mita za mraba 8.1. Gawanya kwa sita: kila mtu anapata mita ya mraba 1.35. Namba hiyo haikupatikana kwa kuuliza familia inaishi vipi. Ilipatikana kwa kulaza watu ubavu kwa ubavu, kila mmoja na upana wa sentimita 60 hivi, mpaka sakafu ijae. Mabegi hayamo katika hesabu. Viatu vyenye matope havimo. Mtoto anayejigeuza usiku kucha hayumo, wala bibi anayehitaji godoro nene na njia ya kutokea nje saa nane za usiku bila kukanyaga wajukuu.

Sasa linganisheni. Kipimo cha kimataifa cha kuwahifadhi watu waliokimbia vita au maafa ni angalau mita za mraba 3.5 kwa kila mtu. Hema la familia la UNHCR lina mita za mraba 16 katika chumba chake, na ukijumlisha vibaraza vyake viwili unafika 23, nalo limekusudiwa familia ya watu 5. Yaani mkimbizi asiye na shilingi mfukoni amepangiwa nafasi zaidi ya mara mbili ya ile anayouziwa baba mwenye gari na mshahara. Huyo baba hajadhulumiwa na mtu mwingine zaidi ya namba aliyoiamini bila kuipima.

Najua mtanijibu: mkimbizi anaishi humo miezi, mwenye likizo analala siku mbili tu. Jibu hilo ni zuri mvua isiponyesha. Ikinyesha kuanzia saa tisa alasiri, familia nzima inaishi ndani ya hema mpaka asubuhi: inakula humo, inabadilisha nguo humo, inagombana humo. Hapo ndipo 1.35 inapojulikana ni kitu gani.

Hoja yangu ya pili ni hizo kuta ndefu zilizoshangiliwa. Sikatai kwamba zina raha yake. Mzee mwenye mgongo mbovu anashukuru kuvaa akiwa amesimama, na kwenye uwanja uliozungukwa na miti, wakati wa kiangazi, hema la kibanda ni zuri. Lakini ukuta wima ni tanga. Upepo ukitoka ziwani unakutana nao uso kwa uso na kuusukuma wote, ilhali kwenye paa la mteremko unapanda na kupita. Tena mengi ya mahema hayo yana kifuniko cha mvua kidogo kama kofia, kinachofunika paa na kuziacha kuta na madirisha ya wavu wazi kwa mvua ya upepo. Mnunuzi haoni hilo dukani, kwa sababu dukani hakuna upepo.

Desemba iliyopita nilisimamisha hema kama hilo kwa ajili ya familia ya watu sita, bibi akiwemo. Bunyonyi iko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni baridi. Nilimwomba baba mwenye hema anipe kamba za kulifunga pande zote. Zilikuwa zimeachwa nyumbani, kwa kuwa walipolijaribu sebuleni hazikuhitajika. Saa saba usiku mvua ilikuja na upepo. Ukuta wa upande wa ziwa uliinama mpaka ukamgusa bibi aliyelala, na maji yakapenya kwenye mshono wa sakafu. Tulimhamishia kwenye kiti cha gari, na huko ndiko alikokesha.

Baridi ilipozidi, yule baba aliniambia nilete jiko la mkaa niliweke ndani ya hema ili watoto wapate joto. Nilikataa. Akanikaripia, "Kijana, umelipwa kufanya kazi, si kunifundisha." Nikamjibu, "Mzee, nisamehe, lakini jiko hili likiingia humo na zipu ikafungwa, huenda kesho tusiamke wote." Mkaa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Alinyamaza kidogo, kisha akalitoa blanketi lake mwenyewe akawafunika watoto. Sikumlaumu. Mtu anayeona watoto wake wakitetemeka hufikia lolote lililo karibu. Ndiyo maana nasema kosa lilifanyika mapema zaidi, siku ya kununua.

Basi tununue vipi? Kwanza, igawanye namba ya boksi kwa mbili. Lililoandikwa watu 6 ni la watu watatu na mabegi yao. Familia ya sita itafute lililoandikwa watu 10 au 12, au, bora zaidi, inunue mawili madogo, maana moja likivuja jingine linabaki kuwa kimbilio. Pili, kifuniko cha mvua kishuke mpaka karibu na ardhi pande zote. Tatu, soma uwezo wa kitambaa kuzuia maji, unaoandikwa kwa milimita. Hicho ni kimo cha maji yanayoweza kusimama juu ya kitambaa kabla hayajaanza kupenya. Milimita 1,500 ni mwanzo tu, na sakafu inayokaliwa na kukanyagwa inahitaji zaidi. Nne, lisimamishe kwanza uani, si sebuleni, ulimwagie ndoo kadhaa za maji, kisha uingie na tochi. Na ukifunga safari, kamba na vigingi vyote viende.

Mwenzetu alimalizia mjadala kwa kusema kwamba kupiga kambi ni starehe, hivyo tusiifanye kuwa somo la hesabu. Lakini kwa Kiswahili tunaita kambi pale mtu anapokwenda kustarehe, na tunaita kambi pale mtu anapokimbilia. Mvua haiulizi umekuja kwa sababu gani. Mama yangu, usiku wetu wa kwanza Nakivale, alipima sakafu kwa hatua zake kabla ya kutulaza, akampangia kila mtoto mahali pake, ndipo akakaa chini. Hakuwa na boksi la kusoma. Alijua watoto wake ni wangapi na wanalala vipi, na tulilala pakavu. Anayenunua hema kwa pesa zake mwenyewe hashindwi kufanya hivyo.