WAUGUZI WA WATOTO WENYE KANSA WASIHAMISHWE OVYO

Mtoto wa Litumbandyosi akivimba taya, watu husema ni jino. Jino hung'olewa, uvimbe ukazidi. Siku mama yake amfikishapo zahanati, mara nyingi wa kwanza kumtazama ni mwuguzi. Na akipelekwa Mbinga, kisha Songea, kisha Muhimbili kule Dar es Salaam, karibu kilometa elfu moja kutoka Songea, atakayekaa naye usiku na mchana si daktari, ni mwuguzi. Leo twataka kusema habari zake.

Kansa hiyo ya taya si ngeni kwetu. Daktari Denis Burkitt aliiona Mulago, Kampala, mwaka 1957. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru wetu, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili zipatazo elfu kumi hadi Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali wapi huonekana. Waligundua yapenda nchi za joto na mvua. Nayo hutibika kwa dawa. Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye kansa hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Je, wale wameumbwa kwa udongo mwingine? Hasha.

Hebu tutazame kazi ya mwuguzi. Iko dawa iitwayo vinkristini, itokayo katika ua dogo la asili ya Madagaska ambalo wengi wetu hulipanda mbele ya nyumba. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Ikipigwa katika uti wa mgongo kwa makosa, huua. Achanganyaye dawa za namna hii anahitaji glavu, joho na kabati maalum la hewa, maana humdhuru hata mwenye afya. Tena dawa hizo hupunguza nguvu ya damu kupigana na vijidudu. Mtoto akipata homa, si homa ya kungoja asubuhi. Yapasa apate dawa kabla ya saa moja kupita. Mwuguzi mmoja mwenye vitanda ishirini ataijuaje homa ya kitanda cha kumi na tisa?

Chama cha madaktari na wauguzi wa kansa za watoto duniani, SIOP, kilitoa kanuni zake mwaka 2014: wodini, mwuguzi mmoja kwa watoto watano, na aliyekwisha fundishwa kazi hii asihamishwe wodi nyingine. La kwanza lataka fedha. La pili lataka uamuzi tu, nasi twalikazia.

Watasema wodi ya wazazi nayo ina upungufu. Ni kweli, hatubishi. Lakini fikirini mama aliyetoka kijijini kwetu, aongeaye Kimatengo kuliko Kiswahili, aliyeacha watoto wengine nyumbani na maharage shambani. Baada ya sindano za kwanza uvimbe huyeyuka. Mama hufurahi, hufunga mzigo wake, husema mwanangu amepona. Akiondoka hapo, ugonjwa utarudi, na safari ile mtoto hatapona. Nani atamzuia? Mwuguzi aliyekaa naye, aliyemwona akilia, ndiye atakayesikilizwa. Mgeni aliyeletwa jana hatasikilizwa, hata akiwa na vyeti vingi. Sisi tuliosomea ualimu twajua: mwalimu wa darasa la kwanza akihamishwa katikati ya mwaka, watoto husahau hata herufi walizokwisha kujua.

Jambo jingine huonewa haya kusemwa. Mwuguzi humzoea mtoto kwa miezi, humjua kwa jina na kwa wimbo aupendao. Mtoto akifa usiku, asubuhi mwuguzi huyo hupokezana zamu kama kwamba hakuna kilichotokea. Hapewi siku moja ya kupumzika wala mtu wa kumwuliza habari. Wengine huomba uhamisho wenyewe, nasi hatuwezi kuwalaumu.

Katika mkutano ujao wa tawi, wanachama wa Litumbandyosi na Mbinga nzima wamwulize diwani: wauguzi wa zahanati zetu wamefundishwa lini kuitambua kansa ya taya, na nani hulipa nauli ya mama apewapo barua ya kwenda mbele? Nao wabunge waiulize Wizara ya Afya: mwuguzi aliyefundishwa kansa za watoto akihamishiwa kwingine, ni nani hutia sahihi barua hiyo, na kwa sababu gani?