Stitch haikuanzia kwa fundi cherehani

Naomba nieleze neno la Kiingereza stitch, kile kichomi kinachokubana ubavuni ukikimbia. Wengi hulihusisha neno hilo na ushonaji, lakini katika Kiingereza cha kale stice ilikuwa kudungwa au kuchomwa. Maana ya mshono ilikuja baadaye. Tazameni Lacnunga, mkusanyo wa tiba wa takriban miaka 1,000 iliyopita, unaotunzwa British Library, London. Humo mna dawa ya kichomi cha ghafla: mitishamba mitatu ichemshwe kwenye siagi, kisha mganga auamuru mkuki mdogo utoke mwilini. Watu wa wakati huo waliamini kabisa kwamba mgonjwa amerushiwa mkuki na wachawi au viumbe wasioonekana! Hata kisu kilichochovywa kwenye dawa kilitumika.